Mstari wa Sababu

Fomu ya kupendekeza mwalimu bora katika shule niliyofundisha kwa miaka mingi ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya somo, nafasi ya miaka kazini, na chini kabisa, kabla ya sahihi, mstari mmoja wa "Sababu". Mstari wenyewe haukuzidi upana wa vidole vinne. Nilikaa kwenye kamati ya tuzo kwa miaka sita, na nikikusanya yote yaliyoandikwa kwenye mstari huo katika miaka hiyo, sidhani kama yatajaza ukurasa mmoja wa daftari: mchapakazi, anajituma, ana nidhamu, ana ushirikiano mzuri na wenzake. Mwaka mmoja watu wanne walipendekeza walimu wanne tofauti, na fomu zote nne zikaja na neno lile lile, "mchapakazi", tukalazimika kupiga kura kati ya wachapakazi wanne bila kujua ni nani kati yao aliyechapa kazi gani.

Tangu wakati huo, kila ninaposoma au kusikia habari za tuzo za shule, za zamani au za leo, macho yangu huutafuta mstari ule. Kombe linaweza kuwa kubwa, mgeni rasmi anaweza kuwa mtu mzito, picha zinaweza kusambaa siku hiyo hiyo, lakini ninachotaka kujua ni kimoja tu: huyu aliyetoa tuzo aliona nini? Nimefikia mahali pa kuamini kwamba thamani ya tuzo hutokana na taabu aliyojipa mtoaji ya kutazama, na kwamba tuzo nyingi zinazovunja watu moyo hufanya hivyo kwa sababu mpokeaji anatambua, akiwa bado amesimama jukwaani, kwamba hakuna aliyemtazama.

Kiswahili chenyewe kina kauli mbili juu ya jambo hili. Kauli ya kwanza ni kwamba mcheza kwao hutuzwa, na humo ndimo lilimo neno letu la tuzo, ambalo ni mtoto wa kitenzi kutuza. Kauli ya pili ni kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakuu wa shule wanaopenda vyeti huishika methali ya kwanza, na wanaoviogopa huishika ya pili, na nimesikia zote mbili zikirushwa katika kikao kimoja, na mtu mmoja, kwa tofauti ya dakika kumi. Lakini tukizisikiliza vizuri hazipingani. Mcheza hutuzwa kwao, yaani mbele ya watu wanaoijua ngoma hiyo, wanaoweza kutofautisha hatua ya kweli na kurukaruka. Na anayesifiwa katika methali ya pili ni mgema. Juu ya tembo lenyewe, kama lilikuwa kali au tamu au limegemwa kwa wakati wake, hatuambiwi kwamba kuna aliyesema neno. Sishangai kwamba maji yaliingia.

Mtu wa zamani kuliko wote ninayemfahamu katika habari hizi ni Verrius Flaccus, mwalimu wa Roma ya kale ambaye alikuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Alipata umaarufu kwa namna yake ya kufundisha: aliwashindanisha wanafunzi walio sawa kiuwezo, akiwapa mada ya kuandikia na kuweka mbele yao zawadi ambayo mshindi angeichukua, nayo ilikuwa kitabu cha zamani, kizuri au adimu. Kaisari Augusto alimchukua awafundishe wajukuu wake, naye akahamia makao ya mfalme pamoja na shule yake yote kwa sharti la kutopokea wanafunzi wapya, akilipwa sesterti 100,000 kwa mwaka, na mji wa Praeneste ukamsimamishia sanamu. Napenda uchaguzi wake wa zawadi kuliko sanamu aliyojengewa. Anayempa kitabu adimu mtoto aliyeandika vizuri amekwisha kuijaza sababu bila kuandika neno, kwa maana anamwambia kwamba mtu anayeandika hivi anastahili kusoma hiki.

Wajesuti nao, shirika la watawa wa Kikatoliki, katika kanuni za masomo walizozitoa mwaka 1599, walitenga sehemu nzima kwa ajili ya sheria za zawadi. Darasa la balagha, yaani sanaa ya usemi fasaha, lilikuwa na zawadi nane: mbili za nathari ya Kilatini, mbili za ushairi wa Kilatini, mbili za nathari ya Kigiriki na mbili za ushairi wa Kigiriki. Mshindani aliweka alama ya siri kwenye kazi yake badala ya jina, na jina lake likafungwa katika karatasi nyingine yenye alama hiyo hiyo, ili waamuzi wahukumu maandishi bila kumjua mwandishi. Ninapokumbuka jinsi kamati yetu ilivyokuwa ikijadili kama itakuwa vibaya mtoto wa fulani akikosa, huona kwamba tatizo hilo lilikuwa limekwisha kupatiwa dawa zaidi ya miaka 400 iliyopita, na dawa yenyewe ni kipande cha karatasi kilichofungwa.

Mahali ambapo ningependa kukaa kidogo ni Hanoi, Vietnam, katika Hekalu la Fasihi. Hapo yamesimama mabamba 82 ya mawe, kila moja limebebwa mgongoni na kobe wa jiwe, na juu yake yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani ya juu kabisa ya kifalme kati ya mwaka 1442 na 1779. Majina hayo yanazidi 1,300. Wanafunzi wa vizazi vya baadaye walikuwa wakienda kuvipapasa vichwa vya kobe hao kutafuta bahati kabla ya mitihani. Ukiishia hapo utadhani ni ubao wa matokeo tu, ila wa mawe. Lakini bamba la mtihani wa mwaka 1442, ambalo lilisimamishwa mwaka 1484, lina maandishi marefu yanayoeleza kwa nini majina yamechongwa. Yanasema kwamba watu wenye vipaji na maadili ndio uhai wa nchi, na kwamba mfalme aliwapa vyeo na heshima na bado akaona haitoshi. Kisha yanaongeza jambo ambalo sijapata kuliona kwenye cheti chochote: kwamba miongoni mwa waliotunukiwa zamani wamo pia waliopokea rushwa wakaharibika, au wakaingia katika kundi la waovu, na kwamba pengine kama watu hao wangeliona jiwe kama hili wakati wa uhai wao, wema ungewajaa na nia mbaya ingezuiwa. Fikiria kupewa tuzo ambayo maelezo yake yanakuonya. Jina lako limechongwa ili vizazi vijavyo vikusome, na kukusoma huko kunaweza kuwa kwa heri au kwa aibu, kutegemea utakayoyafanya baada ya makofi kunyamaza.

Kisa kingine ninachokipenda ni cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwa muda mrefu matokeo ya mtihani wa hisabati yalisomwa hadharani kwa mpangilio wa nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa kwanza aliheshimiwa kama shujaa wa vita. Aliyeshika mkia katika daraja la chini alipata naye zawadi yake, kijiko kikubwa cha mti ambacho wenzake walimteremshia kutoka roshani wakati anapokea shahada. Kijiko cha mwisho kilitolewa mwaka 1909, kikiwa kimetengenezwa kwa kasia la mashua na kuzidi urefu wa mita moja, na baada ya hapo majina yakaanza kupangwa kwa alfabeti ndani ya kila daraja. Wanawake, kwa upande wao, waliruhusiwa kufanya mtihani lakini hawakupewa shahada wala kuingizwa katika orodha ya wanaume. Majina yao yalisomwa mwishoni, na kila mmoja akaelezwa kwa kulinganishwa: kati ya mwanamume wa nafasi fulani na wa nafasi fulani, au sawa na wa nafasi fulani. Mwezi Juni mwaka 1890 msomaji alimaliza orodha ya wanaume, akaingia kwenye ya wanawake, akafika kwa Philippa Fawcett, akatamka: "Juu ya wa kwanza." Alikuwa amewashinda wote, na hakukuwa na nafasi ya kumweka. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Shahada kamili kwa wanawake wa chuo hicho ilisubiri hadi mwaka 1948.

Maneno yale yalikuwa, kwa namna yake, mstari wa sababu uliojazwa kwa usahihi kuliko yote niliyowahi kuyasikia, kwa kuwa yalisema kile hasa kilichotokea. Kilichokosekana ni kombe. Katika shule zetu nyingi tunafanya kinyume chake, tukiwa na kombe linalong'aa mkononi na hatuna la kusema.

Watafiti nao wameliandama jambo hili. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo wa shule ya awali ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliambiwa mapema kwamba atakayechora atapata cheti cha "Mchezaji Mzuri", chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili lilichora bila kuahidiwa lolote, kisha likashtukizwa kwa cheti hicho hicho. Kundi la tatu halikupata kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilirudishwa darasani bila ahadi yoyote, na waliokuwa wameahidiwa cheti walizichezea kwa muda wa takriban nusu ya ule waliotumia wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Cheti kilikuwa kimoja, karatasi ile ile na utepe ule ule, ila kwa kundi la kwanza kilikuwa kimekuwa ujira, na mtoto akishajua kwamba kuchora ni kibarua, ataanza kuuliza malipo yako wapi.

Matokeo mengine, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalihusu mahudhurio. Wanafunzi zaidi ya 15,000 wa California waligawanywa: wengine waliahidiwa tuzo iwapo hawatakosa shule hata siku moja katika mwezi fulani, wengine walipelekewa barua ya kuwatunuku kwa kutokosa siku hata moja katika mwezi uliokwisha kupita, na wengine hawakupata chochote. Ahadi haikubadili mahudhurio. Barua ya pongezi iliyapunguza. Maelezo ya watafiti ni kwamba watoto walipokea ujumbe ambao hakuna aliyekusudia kuutuma, kwamba kumbe wamehudhuria kuliko wenzao, na kuliko shule ilivyotarajia, basi si vibaya wakipumzika kidogo. Hapa mgema na maji yake wanaonekana waziwazi, lakini lawama simtupii mgema. Shule iliyompongeza mtoto kwa kufika tu ilikuwa imekiri mbele yake kwamba haikutegemea afike.

Sisemi tuzo zifutwe. Ninaowasikia wakisema hivyo mara nyingi ni watu waliopata zao mapema. Zipo tuzo zilizopangwa kwa akili, na mfano wangu ni Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959 kwa nchi saba. Karibu nusu ya washiriki hupata medali, na dhahabu, fedha na shaba hugawanywa kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa tatu. Anayekosa medali lakini ametatua swali moja kwa ukamilifu hupewa cheti cha kutajwa kwa heshima. Hicho cha mwisho ndicho ninachokitamani kwa shule zetu, kwa sababu kinasema kitu kimoja kinachothibitika: kati ya maswali sita magumu, hili umelimaliza. Maryam Mirzakhani alipata dhahabu hapo mwaka 1994 na tena mwaka 1995, mara ya pili akiwa na alama zote, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Fields, tuzo ya heshima kubwa katika hisabati. Lakini mashindano haya hayakupangwa kwa ajili ya watu kama yeye tu, na hapo ndipo ulipo ubora wake.

Kwa walimu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kazi ya mwalimu huonekana kwa mtu mwingine, na mara nyingi baada ya miaka. Uingereza ilijaribu njia ya mkato kati ya mwaka 1862 na 1897, ambapo ruzuku ya shule ilitegemea mahudhurio na idadi ya watoto waliofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Yaliyokuwa yakilipiwa yalifundishwa, na mengine yakasinyaa. Kumbukumbu ya hali kama hiyo haikupotea. Mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani juu ya hadhi ya walimu, yaliyopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, yanasema kwamba mfumo wowote wa kuwapima walimu ubora ili kuamua mishahara yao usianzishwe bila kushauriana na vyama vyao na kupata ridhaa yao. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha tangu mwaka 1994 kama Siku ya Walimu Duniani. Nimehudhuria maadhimisho mengi ya siku hiyo, nikasikia mashairi na risala na majina ya walimu bora, na sikumbuki hata mara moja mtu akisimama kusoma aya mbili tatu za waraka ambao ndio chanzo cha sherehe yenyewe. Waraka huo unazungumzia mishahara, likizo, ukubwa wa madarasa na haki ya kusikilizwa. Kwa kweli tunapeana vyeti siku ya kuzaliwa ya madai yetu.

Tuzo kubwa kuliko zote kwa mwalimu mmoja ni ile ya mwalimu bora wa dunia (Global Teacher Prize) yenye thamani ya dola milioni 1, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Aliyeipata mwaka huo, Nancie Atwell wa Marekani, aliielekeza yote kwa shule aliyoianzisha. Peter Tabichi wa Kenya, mtawa na mwalimu wa hisabati na fizikia aliyeshinda mwaka 2019, alikuwa tayari anajulikana kwa kutoa sehemu kubwa ya mshahara wake kusaidia wengine. Mwaka 2020 Ranjitsinh Disale wa India alitangaza papo hapo kwamba nusu ya fedha atagawana na wenzake tisa waliofika naye fainali. Watu waliliita jambo hilo ukarimu, na ni ukarimu kweli, lakini mimi nililisoma pia kama masahihisho: mwalimu aliyezoea kusahihisha kazi za watoto aliona kwamba jibu la "mmoja tu" lilikuwa na kosa, akalirekebisha kwa kalamu yake.

Kuna tuzo nyingine ambayo haina kamati. Mwandishi Albert Camus alipopata Nobeli ya fasihi mwaka 1957, alisubiri kelele zipungue, kisha tarehe 19 Novemba akamwandikia Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi kule Algeria. Alimweleza kwamba habari ilipomfikia, mtu wa kwanza kumfikiria baada ya mama yake alikuwa yeye, na kwamba bila mkono ule uliomnyooshea mtoto maskini, haya yote yasingetokea. Germain alikuwa amemfundisha masomo ya ziada bila malipo, na akaenda nyumbani kwao kumshawishi bibi yake, aliyetaka kijana aanze kazi, amruhusu afanye mtihani wa kupata ufadhili wa sekondari. Barua ni fupi na haimwiti mwalimu mchapakazi.

Nami nilipata tuzo yangu. Mwaka wa tatu wa utumishi wangu katika shule ile, darasa langu la mtihani lilifaulu kuliko miaka yote iliyotangulia, nikaitwa jukwaani, nikapokea ngao na mkono wa mgeni rasmi, na nilipogeuka kuitazama hadhira nikamwona mwalimu wa darasa la kwanza akipiga makofi katika safu ya tatu. Watoto wale wote walikuwa wamepita mikononi mwake. Hakuwahi kupendekezwa, kwa sababu darasa la kwanza halina mtihani wa taifa, na pasipo mtihani hapakuwa na tarakimu ya kuandika. Niliikubali ngao. Nilipiga picha nayo. Ilinichukua miaka kadhaa kuanza kuona kwamba nilikuwa nimepokea kwa niaba ya mtu ambaye hakuwa amenituma.

Siku moja, nikiwa tayari kwenye kamati, nilipita nje ya darasa lake nikasimama dirishani. Alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma karibu na mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti, haraka, bila kukwama. Ukurasa ulikuwa na picha ya mbuzi na chini yake sentensi tatu. Alimwacha mtoto amalize, akampongeza, kisha akaweka kiganja chake juu ya picha, akaifunika yote, akasema, "Haya, tusome tena, mwanangu." Mtoto akanyamaza. Akatazama kiganja, akatazama maneno. Mwalimu hakusema kitu wala hakuondoa mkono. Baada ya muda ambao mimi dirishani niliuona mrefu kupita kiasi, mtoto akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza upya, polepole, mara hii akisoma.

Fomu za mwaka huo zilipotolewa, nilijaza jina lake. Kwenye mstari wa sababu niliandika, kwa herufi ndogo ili zienee: "Huifunika picha kwa kiganja, akasubiri." Mwenyekiti wa kamati alizisoma fomu zote kwa sauti kama kawaida, mchapakazi, anajituma, mchapakazi, akafika kwa yangu, akasita, akaisoma mara ya pili kimoyomoyo, kisha akavua miwani.

"Mwalimu," akaniambia, "sasa hii ni sababu au ni habari?"

Nikamwomba aniruhusu nieleze, akatazama saa yake, akaisogeza fomu pembeni ya meza, mbali kidogo na zile nyingine, akasema tutairudia mwishoni.